Usikubali kuambiwa "ikikauka itafanana"

Simama pale Kanduyi asubuhi, wakati magari yanajaza abiria wa Webuye, Chwele na Kitale, uzitazame Probox moja baada ya nyingine. Zote utaambiwa ni nyeupe. Sasa tazama vizuri. Hii mlango wake ni mweupe wa maziwa, mwili ni mweupe wa chaki. Ile bampa yake imeanza kuelekea manjano. Ya tatu ina kiraka ukubwa wa sahani juu ya gurudumu la nyuma, na kiraka chenyewe kinang'aa kuliko gari. Hakuna mwenye gari hata mmoja aliyeomba rangi mbili. Wote waliambiwa maneno yaleyale: "Usijali bosi, ikikauka itafanana."

Haikufanana. Na kama nawe una mkwaruzo kwenye gari lako, na wikendi hii umepanga kununua kikopo cha rangi na brashi ujifanyie mwenyewe nyumbani, nakuomba unisikilize kwanza. Sina nia ya kukukataza. Kuna kazi ya rangi ambayo kijana mwenye mikono miwili na subira anaweza kuifanya kwenye ploti yake, na kuna ile ambayo ukiigusa utakuwa umejipunguzia bei ya gari kwa pesa zako mwenyewe. Watu wengi hawajui mpaka uko wapi.

Tuanze na bei, kwa sababu najua hapo ndipo roho ilipo. Wengi wetu gari si la kujionyesha. Ni mkopo wa sacco, ni shamba la mzee lililokatwa kipande, ni kazi ya kila siku ya kubeba watu na magunia. Siku moja utaliuza uongeze pesa ununue lingine. Mnunuzi akija akakuta mkwaruzo mlangoni, atauliza, utamwambia ulikwaruza geti, ataona ni kweli, mtavutana kidogo na mambo yataisha. Lakini akikuta mlango mzima una rangi isiyolingana na boneti, hataamini tena neno lako lolote. Atainama atazame chini. Atagonga kwa kidole kusikia kama kuna fila. Atajiuliza gari liligongwa wapi, lilibingirika mara ngapi, kuna kitu gani kingine umekificha. Mkwaruzo ungemfanya aombe apunguziwe elfu chache. Kiraka kitamfanya aondoke kabisa, au akukate kama mtu anayenunua vyuma vikuukuu.

Wajapani wanaotuuzia magari haya wanalijua hilo vizuri. Kwenye karatasi ya mnada ambayo gari hukaguliwa nayo kabla ya kupakiwa melini, mkwaruzo huandikwa kwa herufi A, kubonyea kwa U, na sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupakwa rangi huandikwa W. Hawachanganyi mambo. Mkwaruzo ni mkwaruzo, na sehemu iliyorekebishwa hutajwa kuwa imerekebishwa hata kama imerekebishwa vizuri. Siku hizi wanunuzi wajanja hapa kwetu wanaiomba karatasi hiyo, na wengine huja na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi. Kwa hivyo ile fikra kwamba utapaka na hakuna atakayejua, iweke kando. Ukishaiweka kando, utaanza kuuliza swali la maana: nafanya nini ili bati lisioze, na gari lisionekane limevaa nguo ya kuazima?

Jibu linaanza na kitu ambacho madereva wengi hawajawahi kukisoma kwenye gari lao wenyewe. Ukienda dukani ukasema "nipe nyeupe ya Toyota," umeshapotea. Nyeupe ya Toyota ni ipi? Kuna nyeupe namba 058, ambayo utaikuta kwenye Probox na Hiace nyingi. Kuna 040, nyeupe nyingine ya kawaida. Halafu kuna 070, nyeupe ya lulu, ile inayometameta jua likiipiga, na hiyo haipakwi kama nyeupe nyingine hata kidogo. Silva nayo ni vilevile: 1E7 na 1F7 zote ni silva, na ukiziweka bega kwa bega utaona ni jamaa tu, si mapacha. Nyeusi peke yake ndiyo husamehe kidogo, nayo ina ukaidi wake wa kuonyesha kila msasa uliopita juu yake.

Namba hiyo imeandikwa kwenye gari lako. Fungua boneti utafute kibati kilichobandikwa kwenye ukuta unaotenga injini na dereva. Kwenye magari mengine kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye Toyota zilizotoka Japani tafuta palipoandikwa COLOR na TRIM. Namba ya kwanza ni ya rangi ya nje, ya pili ni ya ndani, viti na kadhalika. Piga picha kwa simu. Hii ni kazi ya dakika mbili na haikugharimu hata bob, lakini nimeona watu wenye magari ya karibu milioni wakimpelekea muuza rangi picha ya gari walilopiga jioni, eti aangalie rangi kwenye skrini.

Namba ukiwa nayo, hapo safari ndiyo imeanza. Namba inaeleza gari lilikuwa na rangi gani siku lilipotoka kiwandani. Gari lako halijatoka kiwandani leo. Sheria ya Kenya inakubali gari lililotumika lisilozidi miaka minane, na wengi wetu hununua lile lililokaribia ukingo huo, kwa sababu ndilo mfuko unaweza. Kisha limekaa hapa miaka mingine saba, kumi. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu mita 1,900, na zote ziko karibu na ikweta. Jua la huku halina utani. Linakula ile klia ya juu, linafifisha nyekundu mpaka inakuwa kama waridi lililokauka, linaifanya nyeupe ichoke. Rangi mpya iliyochanganywa sawasawa kwa namba itakuwa sahihi kabisa, na bado itaonekana ngeni kwenye gari lako. Hapo ndipo watu humlaumu muuza rangi bure.

Kuna jingine. Hata kiwandani namba moja huwa na tofauti ndogo ndogo, kwa sababu ya kiwanda kilichotumika na mwaka gari lilipotengenezwa. Ndiyo maana duka linalojua kazi lina kadi za sampuli kadhaa za namba moja, wachague iliyo karibu na gari lililo mbele yao. Tena pengine gari lako lilishapakwa upya huko Japani au Mombasa kabla hujaliona, na ule mlango unaotaka kulinganisha nao si wa kiwandani hata kidogo.

Kwa hivyo peleka gari kwenye rangi, usipeleke namba peke yake. Kama duka liko mbali, kama uko Kimilili na mchanganyaji wa kuaminika yuko Kitale au Eldoret, fungua kile kifuniko kidogo cha nje cha tangi la mafuta, kifungue skrubu zake ukibebe mfukoni. Kimepigwa na jua lile lile na mvua ile ile kama gari. Kipigwe polishi kwanza vumbi na uchovu utoke, kisha mchanganyaji alinganishe nacho. Baadhi ya maduka makubwa yana mashine ya kusoma rangi, inawekwa juu ya bati inasoma kisha kompyuta inatoa fomula. Ni nzuri, ila hata yenyewe humalizwa na jicho la mtu.

Sasa turudi kwa yule wa "ikikauka itafanana." Sitaki kumdhulumu: ndani ya maneno yake kuna ukweli. Rangi mbichi hudanganya. Rangi nyingi za kawaida zikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko zilivyokuwa kwenye kopo, na rangi ya metaliki huonekana butu, imepauka, mpaka ipakwe klia juu. Tatizo ni kwamba yeye anakutaka usubiri ikauke ikiwa tayari iko kwenye gari lako. Isubiri ikiwa kwenye kadi. Chukua kipande cha bati au kadibodi ngumu iliyopakwa praima ya rangi ileile utakayotumia kwenye gari, paka rangi mara mbili au tatu, paka klia, acha ikauke kabisa, kisha ishike juu ya gari mahali penye mkwaruzo. Ikiwa ukingo wa kadi unaonekana kutoka hatua tatu, rangi hiyo si yako. Rudisha kopo, waongeze tone, ujaribu tena. Mchanganyaji mzuri hakasiriki ukirudi. Anayekasirika tafuta mwingine.

Na mwanga uwe wa haki. Tazama kadi asubuhi kwenye kivuli, tazama tena jua likiwa limesimama, halafu chuchumaa uitazame kwa pembeni. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa fulani na kukataana juani, kwa sababu zimechanganywa kwa viungo tofauti. Usiamue chochote usiku chini ya mulika mwizi. Taa ile imeozesha ndoa nyingi za rangi.

Ukiwa na nyeupe 058, au nyeusi, au ile nyekundu ya kawaida isiyo na kumetameta, na kidonda chenyewe ni alama za mawe ya barabarani kwenye boneti au mstari mwembamba wa msumari, fanya mwenyewe. Nasema hivyo bila wasiwasi. Osha kwa sabuni, ondoa mafuta na polishi, kwangua kutu mpaka bati safi, weka praima kidogo, kisha rangi kwa ncha ya kijiti cha meno au brashi nyembamba, tone juu ya tone, ukipumzika katikati ikauke. Usijaze shimo kwa mkupuo mmoja. Likishapanda kidogo juu ya usawa wa rangi ya zamani, msasa laini wa maji, namba 2000, kisha polishi. Alama itaonekana ukiitafuta, haitaonekana ukipita. Muhimu zaidi, kutu haitaingia, na kutu ndiyo adui wa kweli, hasa huku ambako mvua haina ratiba na barabara za ndani ni matope ya kunata. Afadhali hata yule msichana aliyeziba shimo la kutu kwa rangi ya kucha akisubiri mwisho wa mwezi. Watu walimcheka, bati lake halikuoza.

Gari likiwa silva, ishia hapo kwenye tone. Nakusihi. Ndani ya rangi ya metaliki kuna vipande vidogo sana vya alumini, na rangi unayoiona ni jinsi vipande hivyo vilivyolala. Bunduki ya fundi ikiwa mbali, rangi inafika bati ikiwa imeanza kukauka, vipande vinasimama ovyo na sehemu inakuwa nyeupe zaidi. Ikiwa karibu na rangi ni majimaji, vipande vinazama na sehemu inakuwa nyeusi. Kopo ni moja, mtu ni mmoja, rangi mbili. Sasa fikiria brashi, inavyovisukuma vipande vile huku na huku! Ndiyo maana kiraka cha silva kilichopakwa kwa mkono hufanana na lami ukikitazama upande mmoja na kioo ukikitazama upande mwingine. Nyeupe ya lulu ni ngumu zaidi, maana ni tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu ya katikati, klia ya juu, na idadi ya mikono ya lulu ndiyo inayoamua rangi. Na kama una ile Mazda nyekundu inayowaka, namba 41V au mdogo wake 46V, hata mafundi wa mjini huvuta pumzi kwanza.

Hapo lipa fundi. Lakini mlipe ukijua unalipia nini. Fundi mzuri wa rangi hategemei kulinganisha peke yake. Anajua kwamba hata fomula bora itakosea kwa unywele, kwa hivyo anaificha ile tofauti: rangi anaipuliza kwenye kidonda kisha anaififisha taratibu kuelekea pembeni, wakati mwingine mpaka aingie kidogo kwenye mlango wa jirani, halafu klia anaipaka sehemu yote mpaka kwenye ukingo. Jicho halipati mahali pa kushika. Yule anayefunga magazeti kwa utepe kuzunguka kidonda, akapuliza kiboksi cha mraba katikati ya mlango, anakuchorea dirisha. Muulize kabla ya kutoa pesa: "Utaifififisha mpaka wapi?" Jibu lake litakuambia kama ukae au uondoke. Na umwombe akupulizie kadi kwanza, kwa bunduki ileile na mkono uleule.

Najua utakachosema. Fundi wa hivyo ni ghali, na yule wa kando ya barabara atafanya kwa robo ya bei kabla ya chakula cha mchana. Sawa. Kama huna za fundi wa kweli, kaa na mkwaruzo wako. Zuia kutu, lipake tone, endelea na kazi. Gari lenye makovu yaliyotunzwa linasema mwenyewe ni mtu makini. Hii aibu tuliyo nayo juu ya mkwaruzo, kana kwamba ni mtu aliyekutwa na nguo iliyochanika, ndiyo inayowatajirisha wapakaji viraka.

Liko jambo zito zaidi ya bei, na nataka ulisome polepole. Klia nyingi na rangi nyingi za kisasa huchanganywa na hadina, ile dawa ya kuzigandisha ziwe ngumu. Ndani ya hadina kuna kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipulizwa hewani zinaingia mapafuni, na zinajulikana kote duniani kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu inayotokana na kazi, wapakaji rangi za magari wakiwa mstari wa mbele. Mtu anaweza kufanya kazi miezi au miaka bila dalili, kisha siku moja mwili ukazikataa, na tangu hapo hata harufu kidogo inamkaba kifua. Hana tena kazi ile. Sasa tembea kwenye gereji zetu utazame vijana wanapuliza wakiwa wamefunga leso puani, au wamevaa barakoa ya hospitali. Barakoa hiyo huzuia vumbi, mvuke hauijui. Wapulizaji wa kazi hii hustahili hewa safi ya kuletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Mimi sioni ukipata hivyo kwenye ploti ya vyumba kumi ambako mama mmoja ameanika nepi na mwingine amewasha jiko la makaa hatua nne kutoka kwa thina yako.

Kwa hivyo nyumbani, hakuna hadina. Kikopo na kijiti, basi. Hata spreyi ya mkebe soma kwanza maandishi; ile yenye hadina ndani ina kitufe cha chini cha kubonyeza ili dawa zichanganyike, na hiyo si ya ploti. Fanya asubuhi, upepo wa vumbi haujaamka na mvua ya alasiri iko mbali. Ukipaka hewa ikiwa nzito kwa unyevu, rangi inaota ukungu mweupe, utarudia yote.

Na wewe unayesoma haya bila gari, umemaliza shule na unasikia kila siku kwamba kazi hakuna, tazama tena zile Probox za Kanduyi. Kila kiraka ni mteja aliyelipa akaondoka bila kuridhika. Mafundi wa injini tunao tele, na vyuo kama Sang'alo na Kitale National Polytechnic vinaendelea kutoa wengine. Anayeweza kusimama mbele ya gari la miaka kumi na tano, akasema fomula hii inahitaji tone la nyeusi na nusu tone la manjano, kisha akawa sahihi, huyo watu humfuata kutoka kaunti nyingine. Hiyo si kipaji cha kuzaliwa nacho. Ni macho yaliyofundishwa, daftari la fomula, na kadi za majaribio zilizopangwa kwenye boksi. Anza na gari la mjomba.

Ukiamua kubadilisha rangi ya gari lote, hiyo ni habari nyingine: rangi imeandikwa kwenye logbuku, na lazima uijulishe NTSA irekebishwe, la sivyo siku ya ukaguzi wa barabarani utakuwa na gari la mtu mwingine kwa macho ya askari.

Rangi ikibaki, usiitupe. Imimine kwenye kichupa kidogo cha kioo ijae mpaka juu, hewa isibaki, ufunge kabisa na uweke mbali na jua na watoto. Bandika karatasi uandike namba ya rangi, tarehe, na fomula kamili kama mchanganyaji alivyoipima, pamoja na yale matone ya nyongeza. Ile kadi ya majaribio iliyofaulu iweke ndani ya gari, pamoja na logbuku.